Kwa nini sikuishusha Aleluya Kuu

Tangu tamasha la Pasaka lipite, waimbaji wa sauti ya kwanza hapa Tabora wananiandikia, wengine wananisimamisha sokoni, swali ni lile lile: mwalimu, kwa nini ulikataa kuishusha Aleluya Kuu, ile ya Messiah ya mtunzi Handel? Kanisani wameizoea ikiwa chini. Mpiga kinanda anabonyeza transipozi, kile kitufe cha kuhamisha wimbo mzima juu au chini, anashusha hatua moja au mbili, koo zinapona, Misa inakwisha salama. Safari hii tulikuwa na okestra, nami nimewaimbisha do ikiwa nota ya D, kama Handel alivyoiandika. Na pale penye "Mfalme wa wafalme" sauti ya kwanza inapanda do, re, mi, fa, kila nota inashikiliwa hadi mishipa ya shingo inatokeza. Najua. Nilikuwa nimesimama mbele yao.

Jibu fupi ni kwamba okestra haina transipozi. Jibu refu ndilo tamu.

Tarumbeta la zama za Handel halikuwa na vali, vile vitufe vya kubadilisha nota; hizo zilikuja karne ya 19. Lilikuwa bomba refu la shaba lililokunjwa, na mpigaji alibadilisha nota kwa midomo na pumzi tu. Aliyewahi kusikia buruji kambini anaelewa: do, so, do, mi, so, basi. Chini nota zinarukana. Ngazi kamili unaipata juu kabisa, na huko ndiko mafundi walikojipatia jina. Bomba la urefu wa D litabaki la D, umwombe usimwombe mpigaji. Kwa hiyo mtunzi aliyetaka matarumbeta kwenye shangwe ya Ufufuko aliukubali kwanza ufunguo wake, ndipo akatunga. Oratorio ya Pasaka (oratorio ni kazi ndefu ya kwaya na okestra) ya Bach, iliyosikika Leipzig Aprili 1, 1725, ina matarumbeta matatu na iko D. Gloria ya Vivaldi ile maarufu, D. Handel, aliyeiandika Messiah London mwaka 1741 kwa siku 24, aliyabania matarumbeta kweli kweli: yanasikika kwa mbali malaika wanapoimba Utukufu, kisha kimya kirefu, mpaka Aleluya mwishoni mwa sehemu ya pili. Ukiishusha Aleluya hiyo, unaiharibu ile nota ambayo kazi nzima ilikuwa inaisubiri.

Violini nazo zina lao. Nyuzi zake nne ni G, D, A na E. Wimbo ukiwa D, nyuzi ambazo hazijaguswa nazo zinatetemeka kidogo, na mlio wote unang'aa. Kwenye D bemoli, yaani D iliyoshushwa nusu toni, mng'ao huo unapotea, na wapigaji wangu wanaanza kutafuta vidole.

Hata hivyo, sauti ya kwanza wana hoja, na nitaisema hadharani wasije wakanisusia. Uma wa sauti wa Handel, kile chuma cha kupimia nota, wa mwaka 1751 bado upo, na A yake ni mitetemo 422.5 kwa sekunde. Sisi leo tunatumia 440. Maana yake D ya Handel ilikuwa chini ya D yetu kwa nusu toni kasoro kidogo. Halafu ongeza joto la ukumbi wa bati uliojaa watu: filimbi na matarumbeta yakipata moto yanapanda, nyuzi za violini zinalegea, kinanda cha umeme hakitikisiki hata kidogo. Ndiyo maana tulikuwa tunasimama kila baada ya wimbo kusawazisha. Mama mmoja alidhani tumesahau kinachofuata.

Kilichotutesa zaidi mazoezini lakini si Aleluya. Ni Ave verum corpus, wimbo mfupi wa Ekaristi wa Mozart, wa Juni 1791, miezi michache kabla hajafariki. Vipimo 46 tu, nayo pia iko D, bila tarumbeta hata moja. Ni nyuzi, ogani na kwaya, na mtunzi ameagiza iimbwe kwa sauti ya chini. Kwaya zetu zimekulia kwenye spika. Mtu anajifunza kuimba kwa kushindana na kinanda na besi gitaa, sasa unamwambia apunguze mpaka amsikie sello aliyekaa mita mbili mbele yake. Mwanzoni kila walipopunguza sauti, walishuka pia nota, kwa sababu walipunguza na pumzi. Nikawaambia washike kiganja mbele ya mdomo: hewa itoke ile ile ya Aleluya, mlio ndio uwe mdogo. Sauti ya nne walielewa mapema. Sauti ya tatu, tuyaache.

Na timpani, zile ngoma za okestra, je? Hatuna. Handel anataka ngoma mbili, D na A, yaani do na so. Kuna aliyependekeza dramu za bendi, nikakataa, maana zile hazitoi nota unayoweza kuitaja. Tukachukua ngoma mbili kubwa za ngozi, na wazee wanaozijua wakazipasha moto nje hadi zikatoa nota zetu. Ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, ila mvua ya Pasaka inailegeza ngozi haraka, dakika chache tu A imeshakuwa kitu kingine. Bahati nzuri Mozart hana ngoma. Nikampanga kabla tu ya Aleluya, na sisi tulipokuwa tunaimba taratibu ndani, ngoma zilikuwa barazani, zinageuzwa juu ya makaa.