"Nataka maji" kwa sauti mbili

Nikipita mtaa wa Langoni na tari kwapani, watu huniuliza harusi ni ya nani. Siendi harusini. Mimi ni mtabibu wa muziki hapa Lamu, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: aliyepigwa na kiharusi, hawezi kutamka neno, mbona aweza kuimba?

Mzee mmoja (mambo kadhaa nimeyageuza asitambulikane) alikuwa nahodha wa jahazi. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia, kikamfunga ulimi. Ukimuuliza ataka nini, hujibu "ta... ta...", kisha hugeuza uso kwa hasira. Jioni moja mkewe alianza kaswida ya Maulidi, na mzee akaipokea, maneno yote. Bibi akalia, akidhani amepona.

Hakuwa amepona. Kwa watu wengi, maneno ya mazungumzo hutegemea upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndiko alikoumia. Wimbo hushughulisha pande zote mbili. Lakini kaswida haimwombei mtu maji. Kazi ndiyo kwanza yaanza.

Njia ninayotumia ilibuniwa Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1973. Unachagua kauli fupi ya haja, unaiimba kwa sauti mbili tu, ya chini na ya juu, huku ukiugongesha mkono wa kushoto wa mgonjwa mara moja kwa kila silabi. Kiswahili hapa kimenipa zawadi: mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi sauti napandishia papo hapo. Na-TA-ka MA-ji. Twaimba pamoja, kisha nafifisha sauti yangu abaki peke yake, na baadaye sana tuni yenyewe huondolewa ibaki kauli.

Mzee aliuvuta mkono. Wa kushoto, mbele ya mgeni! Ikabidi mkewe amwambie, "Bwana, hiyo ni dawa."

Kwa watoto wenye usonji siimbi kwanza. Mtoto akigonga sinia, nami nagonga vilevile. Akinyamaza, nanyamaza, hadi agundue kuwa yeye ndiye anayeniongoza. Niliwahi kukosea: niligonga chumbani pembe ya vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, mtoto akaziba masikio, akaingia mvunguni. Siku hizi namuuliza mama kwanza ni sauti gani humkimbiza mwanawe. Nyumba nyingine hawataki ala kabisa, nami siwabishii. Tari naiacha kwangu. Viganja na koo vyatosha.

Kwa nahodha tulikwenda wiki baada ya wiki, "nataka maji", "nipe kahawa", "njoo hapa". Kauli yake ya kwanza bila kugongeshwa mkono haikuwa hata moja katika hizo. Alikuwa ameketi barazani, punda wa mchanga akasimama mbele yake na kuziba njia. Mzee akamkazia macho mwenye punda.

"Ondoa punda!"