Spa ya bawa ni nini, na kwa nini usikimbilie gundi

Kabla mtu acheke, spa ninayoongelea hapa sio ile ya kukandwa mgongo kule Kilimani. Spa ni ule mti unaopita ndani ya bawa la ndege ya modeli, kuanzia ubavuni mwa ndege kuelekea nchani, saa zingine ni mrija wa kaboni, saa zingine ni ukanda mwembamba wa kaboni au faiba, na kwa hizi ndege zetu za fomu (lile povu gumu jepesi) mara nyingi hata huuoni ju umezikwa ndani. Kiingereza kinatumia jina hilohilo kwa miti ya jahazi, so ukiwa na rafiki wa Lamu mwambie tu ni foromali ya bawa, atakuelewa haraka kuliko sisi wa bara.

Naieleza manake kila msee akivunja bawa swali la kwanza ni "niweke gundi gani?" halafu watu wanabishana supaglu, epoksi, ile gundi moto ya bunduki, lisaa lizima limeisha na hakuna hata mmoja ameuliza kama spa imepona.

Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ichoree mistari ya biro ubavuni, iliyosimama wima na kuachana nafasi sawa, halafu ikunje ncha zikienda juu. Angalia: upande wa juu mistari inakaribiana, yaani sponji inabanwa, upande wa chini inaachana, yaani inavutwa, na pale katikati karibu hakuna kitu kinatendeka. Hivyo ndivyo bawa linafanya hewani, hewa inalisukuma juu na uzito wa ndege unavuta katikati chini. Sasa fomu inavumilia kiasi kubanwa lakini kuvutwa haiwezi, inachanika kama mkate, so kazi ya spa ni kubeba huo mvuto na huo mbano ndo fomu ibaki na kazi yake ya kushikilia umbo. Na hapo pia unaona kwa nini watengenezaji wanaweka ukanda mmoja juu na mwingine chini, au mrija mnene pale bawa ni nene zaidi, badala ya kijiti chembamba katikati. Unene unasaidia vibaya sana: rodi ya mviringo ukiifanya nene mara mbili, ugumu wake wa kukunjika unapanda mara 16. Sio mara mbili, 16.

Mzigo wenyewe nao sio mdogo. Ndege ya kilo moja ikienda moja kwa moja mabawa yanabeba kilo moja, lakini ukipiga kona imelala digrii 60 bila kushuka, yanabeba kilo mbili, na ukiivuta ghafla kutoka kwa daivu inapita hapo mbali. Na nguvu ya kukunja inazidi kadiri unavyokaribia mwili wa ndege, ndo maana mabawa mengi yanakatikia ubavuni na sio nchani.

Kwa hivyo ukiokota ndege yako kwa nyasi, kwanza shika bawa ulikunje polepole. Ukisikia krak, au ukiona sehemu moja inakunjika ghafla kuliko zingine, spa imeenda hata kama fomu inaonekana poa. Kaboni ni mjanja, inaweza pasuka kwa urefu ukadhani ni mzima, uisokote kidogo usikie. (Ukiikata au kuipiga msasa funika pua, vumbi yake sio ya kuvuta.)

Kama spa ni nzima na ni fomu tu imekatika, hio ni kazi ya nusu saa. Usisafishe wala kunyoosha mpasuko na kisu, vile umechanika ndivyo unajipata wenyewe ukiurudisha. Ila jua fomu yako: ile nyeupe ya chengachenga inayokuja na katoni ya tivi, polistairini, supaglu ya kawaida inaiyeyusha kama petroli, EPO na EPP, zile fomu zingine za ndege za modeli, haziyeyuki. Jaribu kwa kipande cha kutupa.

Spa ikivunjika ndo mambo inabadilika. Kuunganisha ncha kwa ncha na gundi haisaidii, unahitaji kijiti cha kuingia ndani ya mrija na kupita mpasuko pande zote mbili, sentimita tano ama zaidi kila upande, na epoksi. Kosa langu mwenyewe: bawa la kwanza nililotengeneza nilitia kijiti kinene na epoksi nyingi, nikajiona fundi, Jumapili iliyofuata likakatika tena, sio pale pa zamani, ni palepale kiraka kiliishia. Fomu laini ilikutana ghafla na kitu kigumu na mkunjo wote ukaangukia huo mpaka. Tangu hapo nachonga ncha za kijiti ziwe nyembamba, na kama natumia vijiti vya mishikaki (vinafaa kwa ndege ndogo, usicheke) navikata urefu tofauti visiishie mahali pamoja.

Epoksi nyingi pia ni uzito, na Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko Mombasa, so ndege ileile tayari inahitaji spidi zaidi kama asilimia 8 ndo isianguke. Ukiongeza gramu za gundi unaongeza shida juu ya shida.

Kununua bawa jipya? Mimi nanunua bawa kama spa imekatika mahali pawili, au gundi ikikauka bawa limepinda kama propela. Simama nyuma ya ndege ulinganishe kingo za nyuma za mabawa yote mawili. Mpindo ni mbaya kuliko ufa, ndege itakuwa inalala upande mmoja kila saa. Na ukibadilisha bawa moja tu hakikisha mizani, jipya na lililojaa gundi hayalingani uzito.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Weka betri, kila kitu, halafu mshike na mwenzako ncha za mabawa mwinue ndege. Hapo ubavuni bawa linakunjwa karibu sawa na ile kona ya digrii 60. Likikaa kimya, nenda uwanjani. Likilia hata kidogo, rudi mezani.