Kiashiria cha mapema cha MS ni nini?

Mkulima wa korosho Tandahimba au Newala hangoji maua yakauke mtini ndipo atafute salfa. Anachungulia machipukizi. Akikuta unga mweupe mwembamba anajua ugonjwa wa ubwiri unga umeshaingia, ingawa kwa mbali mkorosho bado unapendeza. Unga ule ndio kiashiria cha mapema, na watafiti wa ugonjwa wa neva uitwao maltipo sklerosisi (MS) wanatafuta cha namna hiyo mwilini mwa binadamu.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia mielini, ganda la mafuta linalozingira nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva ya jicho. Ganda likibanduka, taarifa hupita polepole au hukatikia njiani. Mtu huona ukungu jicho moja, au mguu unakufa ganzi, kisha baada ya wiki kadhaa anapata nafuu na kusahau. Mimi naiogopa sana nafuu hiyo, maana madhara yanaweza kuendelea kimyakimya.

Viashiria vya kibiolojia hutafutwa kwenye damu na maji ya uti wa mgongo. Kimoja ni neurofilamenti, protini ya kiunzi cha neva inayovuja neva inapoumia. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, waliofuatilia kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 10 wa Marekani, walionyesha kuwa hatari ya MS ilipanda mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Neurofilamenti nayo ilipanda baada ya maambukizi hayo, si kabla. Lakini virusi hivyo karibu kila mtu mzima anavyo, na neurofilamenti hupanda pia kwa kiharusi au kuumia kichwa. Ndiyo maana daktari hatoi jibu kwa kipimo kimoja cha damu.

Viashiria vya utendaji wa neva hupima kasi ya taarifa ndani ya neva. Unakaa mbele ya skrini yenye miraba myeusi na myeupe inayobadilishana, vihisio vimebandikwa kisogoni. Kwa kawaida wimbi la ubongo hufika kileleni baada ya milisekunde 100 hivi. Mielini ikiwa imeharibika, wimbi huchelewa, hata kama mwenyewe anaona vizuri tena. Kwa hiyo ukifika hospitali ya Ligula, Mtwara, kwa ganzi ya mguu, mtajie daktari na lile jicho lililofifia mwaka juzi likapona lenyewe.