Megapikseli Si Ukali: Kihisi cha Kamera na Picha ya Karatasini

Picha inang'aa kwenye kioo cha simu. Ikichapwa kwenye karatasi kubwa, nyusi zinakuwa michirizi, maandishi ya mbali hayasomeki, na mwenye picha anasema "imepasuka". Lawama huangukia mashine ya kuchapia, au kamera kwa kuwa na megapikseli chache. Mara nyingi sababu iko kwenye kihisi, kile kipande cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi ambacho wengi hukiita sensa.

Megapikseli ni hesabu ya nukta tu: moja ni nukta milioni. Rezolusheni ni uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana, kama nywele mbili au nyuzi mbili za kitambaa, visionekane kitu kimoja. Kamera inaweza kuwa na nukta tele na bado nywele zikashikamana.

Kihisi kimejaa vitundu vya kupokea mwanga, vimepangwa safu kwa safu kama miraba ya ubao wa drafti. Kitundu hupima wingi wa mwanga, lakini rangi hakiijui. Ndiyo maana kila kimoja hufunikwa kichujio cha rangi moja: nyekundu, kijani au buluu. Mpangilio unaotumika kwenye kamera nyingi hadi leo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyepewa hataza yake mwaka 1976. Nusu ya vitundu ni vya kijani, kwa kuwa macho yetu hupata habari nyingi za mwangaza kutoka kwenye rangi hiyo.

Hapa ndipo wengi hawaambiwi ukweli wote. Kamera ya megapikseli 24 ina vitundu milioni 12 vya kijani, milioni 6 vyekundu na milioni 6 vya buluu. Kila nukta ya picha yako imepimwa rangi moja, na mbili zilizobaki zimekisiwa kutoka kwa majirani. Makisio hayo ni mazuri ajabu, ila ua jekundu lenye mishipa myembamba huyashinda, na kitambaa kilichofumwa kwa karibu hutoa mawimbi ya rangi ambayo hayakuwapo. Kuzuia mawimbi hayo, baadhi ya watengenezaji huweka mbele ya kihisi kichujio kinacholainisha picha kidogo, yaani wanapunguza ukali kwa makusudi. Mwaka 2012 Nikon walitoa kamera mbili, D800 na D800E, zote za megapikseli 36, tofauti ikiwa kwamba kwenye D800E ulainishaji huo ulibatilishwa. Idadi ya nukta ni ileile, ukali haulingani.

Njia nyingine ni kihisi cha Foveon, kilichoingia kwenye kamera ya Sigma SD9 mwaka 2002. Kinatumia tabia ya silikoni yenyewe: mwanga wa buluu hunaswa karibu na uso, mwekundu huzama zaidi, kwa hiyo tabaka tatu hupima rangi zote mahali pamoja. Picha zake za megapikseli 3.4 zilikuwa kali kuliko namba hiyo inavyodokeza, ingawa kwenye mwanga hafifu zilijaa chengachenga.

Ukubwa nao una neno lake. Kihisi cha milimita 36 kwa 24 chenye megapikseli 24 kina vitundu vya mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 6 hivi kila upande. Baadhi ya simu zina vya 0.8. Eneo linatofautiana zaidi ya mara 50. Tena lenzi yoyote hutawanya mwanga: hata ile ya f/1.8 (namba ya uwazi wa lenzi) isiyo na dosari huchora nukta ya mikromita 2.4 hivi, upana wa vitundu vitatu vya simu hiyo. Ndiyo sababu simu nyingi za megapikseli 48 huunganisha vitundu vinne vinne na kukupa picha ya 12, na kwa maoni yangu hufanya vyema.

Sasa karatasi. Picha ya nukta 6000 kwa 4000 ikichapwa kwa nukta 300 kila inchi hutoa inchi 20 kwa 13. Kuandika "300" kwenye faili hakuongezi hata nukta moja. Kutoka megapikseli 24 kwenda 36, upana huongezeka asilimia 22 tu. Kuupata mara mbili kunahitaji 96. Hizo 300 zinatosha kwa picha inayotazamwa kutoka sentimita 30. Ukisogea hadi mita moja, jicho huona takriban 90 tu kwa inchi, hivyo bango halihitaji utajiri wa albamu.

Kabla ya kulipia chapa ya upana wa inchi 40 kutoka kwenye picha hiyo ya nukta 6000 kwa 4000, kata kipande cha nukta 900 kwa 600 penye uso au maandishi, ukichape kwa inchi 6 kwa 4. Kibandike ukutani, simama pale watazamaji watakaposimama, kisha tazama nywele.