Maziwa Hayafiki Mapafuni

Asubuhi ile tulipofika mgodini, kitu cha kwanza nilichoonyeshwa ni katoni za maziwa. "Hapa afya ya vijana tunaijali," msimamizi aliniambia, na alionekana kweli kujivunia. "Kila anayetoka shimoni anapata pakiti yake. Yanaosha vumbi kifuani."

Maziwa hayo nimeyakuta kwa mafundi rangi, kwa wachomeleaji, hata kwenye mashine za kusaga nafaka. Lakini maziwa hushuka tumboni, na vumbi hushuka mapafuni. Njia hizo hukutana kooni tu, na hapo mwili umeweka kilango kuhakikisha kinywaji hakikosei njia. Kikikosea, unapaliwa.

Kazi yangu ni kupima hatari za kazini kabla hazijawa ugonjwa: vumbi, kelele, joto, mvuke wa kemikali, vijidudu, hata namna mtu anavyoinama kutwa. Kitaalamu inaitwa usafi wa mazingira ya kazi, na watu wakisikia usafi hudhani nimekuja kukagua vyoo. (Navyo huwa naviangalia.) Lakini leo nabaki na vumbi, maana ndilo linalotudanganya zaidi.

Chukua Mererani, wilayani Simanjiro, ambako tanzanaiti imechimbwa tangu mwaka 1967. Mwamba wake una grafaiti, ndiyo maana wanaapolo, yaani wachimbaji wa huko, hutoka shimoni weusi wanang'aa kama waliopakwa risasi ya penseli. Anayewaona hudhani weusi ule ndio ugonjwa. Kumbe ule umeishia kwenye ngozi, na sabuni itautoa. Mwamba huohuo una kwatsi, yaani silika, na ukiuchoronga mkavu silika hiyo inapasuka kuwa chembe ambazo jicho haliwezi kuziona.

Unywele wa kichwani una unene wa maikroni 70 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Chembe kubwa hunaswa puani na kwenye njia za hewa, ukazipenga au ukazikohoa. Zile za chini ya maikroni 4 au 5 ndizo zinazofika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Huko askari wa mwili huzimeza kama wanavyomeza bakteria, ila silika haimeng'enyeki: askari anakufa, chembe inatoka ikiwa nzima, anakuja mwingine kuimeza. Kila duru inaacha kovu. Makovu yakiongezeka mapafu yanakakamaa, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Huo ndio ugonjwa wa silikosi. Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza. Vumbi likiwa zito sana, hata chini ya mitano.

Tunapimaje kisichoonekana? Mchorongaji anafungwa pampu ndogo kiunoni, na mrija unapanda hadi karibu na kola yake, pale anapovutia pumzi. Pampu inavuta lita 2.2 kwa dakika kupitia kifaa kinachotenga chembe kubwa; kwa saa 8 hiyo ni hewa ya zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo. Chujio hupimwa uzito kabla na baada, kisha maabara inatafuta silika ni kiasi gani. Kikomo kilichowekwa Marekani mwaka 2016 ni miligramu 0.05 kwa kila mita ya ujazo. Mtu anayefanya kazi ngumu huvuta kama mita 10 za ujazo za hewa kwa zamu, kwa hiyo kikomo chote cha siku ni miligramu nusu: punje nane au tisa za chumvi ya mezani. Ndiyo maana nikisikia "mbona hapa vumbi si jingi" huwa sijibu, nafungua begi la pampu.

Barakoa? Ina nafasi yake, ya mwisho. Kitambaa cha kujifunga usoni hakizuii chembe hizi, na hata barakoa nzuri huvuja pembeni mtu akiwa na ndevu. Kinachobadilisha hewa ni maji yanayopita kwenye ncha ya kuchorongea, feni inayosukuma hewa safi hadi mwisho wa pango, na kusubiri baada ya baruti, kwa kuwa chembe za maikroni moja huelea kwa saa kadhaa hata macho yakiona kumetulia.

Na ukienda zahanati na kikohozi, taja kazi yako hata usipoulizwa. Mwaka 1700 tabibu Mwitalia, Bernardino Ramazzini, aliwahimiza wenzake wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani, na bado swali hilo tunalisahau. Silikosi kwenye picha ya eksirei inaweza kufanana na kifua kikuu, na mwenye silika mapafuni hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awapimishe afya wafanyakazi wake.

Msimamizi yule alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaleta hoja ya haki kabisa: Simanjiro ni kukavu, maji yanaletwa kwa boza na yanauzwa. Tukakaa chini na kalamu. Tukaandika bei ya maziwa ya mwezi mzima, na pembeni yake bei ya pipa, mpira na maji ya kuchorongea. Akaitazama karatasi kwa muda.

"Kwa hiyo maziwa niyaache?"

"Hapana kaka, endelea kuwapa. Wanatoka na njaa."