Goti Ni la Nani? Kwa Nini Nyota wa Vyuo vya Marekani Hukataa Mechi za Bowl

Kila ifikapo Desemba, mashabiki wa futiboli ya Kimarekani hurudia ugomvi uleule. Kijana aliyeibeba timu ya chuo chake msimu mzima anatangaza kwamba mechi ya mwisho hatacheza, anakwenda kujiandaa na NFL, ligi kuu ya kulipwa. Kabla jua halijazama ameshaitwa msaliti, mbinafsi, mtu asiyeupenda mchezo. Mimi kazi yangu ni tiba ya viungo, hapa Ohio, na wengi ninaowahudumia ni watu waliotoka kufanyiwa upasuaji wa goti. Kwa hiyo ugomvi huu nauangalia kuanzia chini, kwenye goti lenyewe, na nikiwa huko naona vijana hawa wana haki kabisa.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, mambo yako hivi. Msimu wa vyuo huanza mwisho wa Agosti na kuisha mapema Desemba. Baada ya hapo timu zilizofanya vizuri hualikwa kucheza mechi moja moja, zaidi ya 40 kwa jumla, kila moja ikiwa na jina lake lenye neno Bowl. Kongwe ni Rose Bowl ya Pasadena, California, ambayo chimbuko lake ni mechi ya 1 Januari 1902, Michigan walipowachapa Stanford 49–0. Mechi chache kati ya hizo ni sehemu ya mtoano wa kumpata bingwa wa taifa. Zilizobaki hazina ubingwa wowote: mshindi anainua kombe, anapiga picha, anarudi nyumbani. Fedha za televisheni zinakwenda kwa waandaaji na kwa vyuo. Mchezaji, kwa kanuni za miaka mingi, alipewa na waandaaji zawadi zisizozidi dola 550.

Halafu mwishoni mwa Aprili inakuja drafti, ambapo timu 32 za NFL huchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi saba. Tangu makubaliano ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, thamani ya mkataba wa kwanza hufuata namba uliyochaguliwa. Ukiteremka nafasi 30, umepoteza mamilioni ya dola, na hakuna wakala atakayekurudishia kwa ufundi wa kubembeleza.

Sasa tuje kwa Jaylon Smith, maana bila kisa chake huwezi kuelewa yaliyofuata. Alikuwa nahodha wa Notre Dame, na mwaka 2015 alipata Butkus Award, tuzo ya linebaka bora wa vyuo vyote. Linebaka ni yule mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele na kukimbilia kila mahali mpira unakokwenda. Wachambuzi walimtarajia ndani ya watano wa kwanza wa drafti. Tarehe 1 Januari 2016 aliingia kucheza Fiesta Bowl dhidi ya Ohio State, mjini Glendale, Arizona. Katika robo ya kwanza, mwishoni mwa shambulizi moja la kawaida kabisa, alisukumwa akiwa ameukita mguu wa kushoto chini. Mguu ulibaki, mwili ukaenda. Ligamenti mbili za goti zikachanika, ile ya mbele iliyo katikati ya goti na ile ya upande wa nje.

Hiyo ya upande wa nje ndiyo iliyoleta balaa kubwa zaidi. Papasa goti lako upande wa nje, shuka chini kidogo mpaka ukute kinundu kigumu cha mfupa. Hapo ndipo unapopita mshipa wa fahamu unaoamrisha misuli ya kunyanyua wayo. Umezunguka mfupa ukiwa karibu na ngozi, hauna nyama ya kuukinga wala nafasi ya kukimbilia. Goti likifunguka upande ule kwa nguvu ya kuchana ligamenti, mshipa nao unavutwa. Ligamenti daktari anaweza kuishona au kupandikiza nyingine. Mshipa wa fahamu ulioharibika hukua wenyewe, takriban milimita moja kwa siku, na hakuna mazoezi yatakayouharakisha. Ninapomhudumia mtu mwenye jeraha hilo, namwambia avute vidole vya mguu kuelekea kwake. Anakaza uso, paja linatetemeka kwa juhudi, na wayo haujisogezi hata kidogo. Smith alipata hali hiyo hiyo ya wayo kulegea.

Aprili 2016 Dallas Cowboys walimchagua wa 34. Timu hiyohiyo, katika drafti hiyohiyo, ilikuwa imemchagua wa 4 Ezekiel Elliott, aliyecheza Fiesta Bowl ileile upande wa Ohio State na kutoka salama. Mkataba wa Elliott ulikuwa wa karibu dola milioni 25. Wa Smith ulikuwa wa takriban milioni 6.5, na msimu wake wa kwanza wote aliutazama kutoka pembeni. Aliporudi uwanjani mwaka 2017 alivaa kifaa cha kushikilia wayo, na baadaye akapata mkataba mkubwa. Nilifurahi sana. Lakini misuli inayosubiri amri kutoka kwenye mshipa unaokua milimita kwa siku ingeweza pia isiipate.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa nje ya fani yangu hawalipi uzito wake, nalo ni kalenda. Ligamenti ya mbele ikichanika, kwa kawaida daktari wa upasuaji huchukua kipande cha ukano wa mgonjwa mwenyewe na kukipandikiza mahali pake. Kipande hicho hakikai vilevile. Katika wiki za mwanzo mwili hukivamia, hukipa mishipa mipya ya damu na kukijenga upya, na wakati huo kinakuwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa. Cha kusikitisha ni kwamba ndio wakati mgonjwa anaanza kujisikia mzima. Uvimbe umepungua, anatembea bila magongo, anataka kukimbia, na mimi ndiye ninayepaswa kumzuia. Tunahesabu miezi tisa, mara nyingi zaidi, kabla ya kumruhusu mtu kurudi kwenye mchezo wa kugongana.

Hesabu kuanzia 1 Januari. Mwisho wa Februari kuna majaribio ya Indianapolis, ambako timu zote za NFL huwapima vijana mbio, miruko na hata viungo kimoja kimoja mikononi mwa madaktari. Mwezi wa pili huo: bado uko kwenye magongo au umeyaacha juzi. Aprili drafti: mwezi wa nne, goti lako ni picha ya MRI na ahadi ya daktari. Septemba ligi inaanza: bado hujafika mwezi wa tisa. Kijana aliyechanika ligamenti hiyohiyo mwezi Septemba uliotangulia anafika kwenye drafti akiwa ameshaanza kukimbia na kuonyesha maendeleo. Mtu anayetaka kuchagua wakati mbaya kuliko wote wa kuumia goti hatapata mwingine zaidi ya mechi ya Bowl.

Vijana walilielewa hilo haraka. Desemba 2016, msimu mmoja tu baada ya Smith, Leonard Fournette wa LSU na Christian McCaffrey wa Stanford walitangaza kwamba hawatacheza. Fournette alikuwa amesumbuliwa na kifundo cha mguu msimu mzima. Kelele zilikuwa kubwa. Timu zote mbili zilishinda bila wao, LSU kwenye Citrus Bowl na Stanford kwenye Sun Bowl. Aprili iliyofuata Fournette alichaguliwa wa 4 na McCaffrey wa 8. Katika siku zilezile za kelele, Jake Butt wa Michigan, mshindi wa John Mackey Award, tuzo ya tight end bora wa vyuo (mchezaji anayezuia na pia kudaka pasi), aliamua kucheza Orange Bowl ya 30 Desemba. Akachanika ligamenti ya mbele, akateremka mpaka raundi ya tano, namba 145. Alikuwa na bima, na ilimlipa fedha za maana, lakini bima za namna hii huanza kulipa tu ukishuka chini ya namba iliyoandikwa kwenye mkataba, na haziufikii mkataba uliopotea.

Sisi tuliolelewa na soka tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Mchezaji anapokuwa hatua mbili kutoka kuuzwa, kocha humwacha nje ya kikosi na kila mtu anaelewa: klabu inalinda mali yake, hakuna anayetaka kuona uhamisho wa mamilioni ukiharibika kwa rafu ya dakika ya kumi. Hakuna anayehoji mapenzi ya mtu yeyote kwa mpira. Ni tahadhari ileile, kwa sababu zilezile. Tofauti ni moja: kwenye soka fedha iliyo hatarini ni ya klabu, na hapa ni ya kijana mwenyewe. Ndiyo maana kule inaitwa busara na hapa inaitwa ubinafsi, na hilo linanikera kwelikweli.

Makocha nao huondoka. Mwisho wa Novemba 2021 Brian Kelly aliiacha Notre Dame ikiwa imeshinda mechi 11 na kupoteza moja, akaenda LSU. Muda mfupi tu kabla yake Lincoln Riley alitoka Oklahoma kwenda USC. Timu zao zilicheza mechi za Bowl bila wao. Walilaumiwa, ndiyo, lakini kizazi kizima cha makocha hakikuambiwa kuwa hakipendi mpira.

Wachezaji waliambiwa. Asubuhi ya 1 Januari 2022, mchambuzi wa televisheni ya michezo ya ESPN, Kirk Herbstreit, mwenyewe kotabeki wa zamani wa Ohio State (kotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), alisema hewani kwamba wachezaji wa zama hizi hawaupendi mchezo. Baadaye alifafanua kwamba hakukusudia wote. Jioni ya siku hiyohiyo, kwenye Sugar Bowl, Matt Corral wa Ole Miss, kotabeki aliyekataa kabisa ushauri wa kujitoa, aliumia kifundo cha mguu katika robo ya kwanza na kutoka uwanjani akisaidiwa. Na siku hiyohiyo, kwenye Rose Bowl, Ohio State walicheza bila wapokeaji wao wawili nyota, Garrett Wilson na Chris Olave, waliokuwa wamejitoa. Nafasi ikamwangukia Jaxon Smith-Njigba: alidaka pasi 15, yadi 347, tachidauni (ndiyo mabao ya mchezo huu) tatu, na timu yake ikaishinda Utah 48–45. Wakati nyota anapokaa pembeni kuna kijana mwingine ambaye anaingia, na wazazi wake wako jukwaani.

Sisemi kwamba hakuna anayeumia kwa maamuzi haya. Orange Bowl ya Desemba 2023 iliisha Georgia 63, Florida State 3, na mtu aliyelipa tiketi na ndege kuiona Florida State alidhulumika. Lakini tazama ilivyofika hapo. Timu ile ilishinda mechi zake zote 13, ikatwaa ubingwa wa ligi yake, kisha kamati ikaiacha nje ya mtoano wa timu nne kwa sababu kotabeki wake Jordan Travis alikuwa ameumia. Zaidi ya wachezaji 20 hawakucheza, wengine wakijiandaa na drafti, wengine wakihama vyuo. Walikuwa wameambiwa wazi kwamba mechi zao 13 hazikutosha.

Penye ubingwa wa kugombewa, nyota hucheza. Nusu fainali na fainali za mtoano hazijawahi kukimbiwa namna hii, na tangu msimu wa 2024 mtoano umekuwa wa timu 12. Wapo pia wanaocheza hata pasipo na ubingwa: Bryce Young na Will Anderson walicheza Sugar Bowl ya Desemba 2022 na Alabama, Young akapiga pasi tano za tachidauni, na wakachaguliwa wa 1 na wa 3. Nawaheshimu sana. Goti lilikuwa lao, na uamuzi ulikuwa wao. Nako Notre Dame, Desemba 2025, baada ya kuachwa nje ya mtoano huo wa 12, ilitangaza kwamba timu nzima haitacheza Bowl yoyote. Taasisi nayo imefanya kile walichofanya Fournette na McCaffrey.

Ninachokiona kikibadilika kwa kweli ni mikataba. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina yao, na tangu Julai 2025, kufuatia makubaliano ya mahakamani, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, hadi kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Chuo kinachotaka kijana acheze Bowl sasa kinaweza kuliandika hilo, na kuandika pia nani analipa goti likiharibika. Colorado walionyesha njia Desemba 2024: Travis Hunter na Shedeur Sanders walicheza Alamo Bowl wakiwa wamekatiwa bima. Walifungwa na BYU 36–14, wakatoka wazima.

Wazazi wenzangu kutoka Afrika Mashariki ambao watoto wao wamefika kiwango hiki huniuliza kama mtoto acheze au asicheze. Hilo silijibu mimi. Nawaambia waitishe karatasi ya bima na wasome mistari mitatu: ni namba gani ya drafti ambayo chini yake bima inaanza kulipa, ni majeraha yapi ya zamani yametolewa nje, na je, jeraha la mshipa wa fahamu limetajwa kwa jina. Huo wa tatu mara nyingi hawakuwa wamefikiria kuutafuta.