Kauboi hakupiga gita juu ya farasi, tuelewane

Wiki hii tena. Mwanafunzi mpya kaja na gita jipya na kofia pana, ananiambia mwalimu nataka kupiga kama wale makauboi wa zamani, gita mkononi, farasi anatembea. Nimeisikia hii mpaka masikio yameota sugu, sasa naandika mara moja, mwingine akiuliza namtumia hii.

Fikiria mwenyewe. Kuanzia 1867 watu wanaswaga ng'ombe kutoka Texas mpaka kwenye reli kule Abilene, Kansas, safari ya miezi, vumbi, mvua, mito ya kuvuka. Mkono mmoja una hatamu, wa pili unataka kamba. Gita unalishikia wapi, kwa meno? Kambini labda ungekuta kinanda cha mdomo au fidla, basi. Wimbo kazi yake kubwa ilikuwa usiku: wawili wanazunguka kundi kwa farasi, mmoja anaenda huku mwingine kule, wanaimba taratibu ili ng'ombe wajue anayepita ni mtu wao, maana radi ikipiga au tawi likivunjika ghafla kundi linatimka na mtu anakanyagwa anakufa. Ndo maana zile nyimbo zina mwendo wa farasi anayetembea, beti nyingi, tuni fupi inarudi inarudi. Aliyewahi kuchunga hahitaji kuelezwa, ng'ombe anajua sauti ya mwenyewe.

Gita juu ya tandiko ni mambo ya sinema za miaka ya 1930, akina Gene Autry na Roy Rogers, waigizaji walioimba, na huyo Rogers mwenyewe jina lake ni Leonard Slye, mzaliwa wa Cincinnati, mtoto wa Ohio, si wa nchi ya makauboi.

Kwa hiyo dawa yangu ni ileile na wanafunzi wanaichukia: gita lirudi kwenye mfuko wiki mbili, imba mdomo mtupu huku unatembea. Yule wa kofia nilimpa Streets of Laredo, ile ya kijana aliyepigwa risasi anapanga mazishi yake mwenyewe. Ubeti wa tatu kakwama, akaanza kutafuta kodi (zile noti za gita zinazopigwa kwa pamoja) hewani kwa vidole vya kushoto! Hadithi ikikutoka, kodi ya G haitakusaidia.

Porojo nyingine kuhusu muziki wa kantri, haraka haraka.

Eti ni muziki wa wazungu watupu. Kazi yenyewe walijifunza kwa wachungaji wa Meksiko, hata lazo (kamba ya kukamatia ng'ombe) na rodeo (mashindano ya makauboi) ni maneno ya Kihispania, na makauboi weusi walikuwa wengi tu. Home on the Range, wimbo maarufu wa makauboi, John Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, aliirekodi San Antonio, Texas, 1908 kwa mzee mweusi aliyewahi kuwa mpishi wa misafara ya ng'ombe.

Eti Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri, kauboi. Alicheza besiboli, akawa mtangazaji wa redio. Sauti tamu sana, ng'ombe hamna.

Eti wimbo mrefu hauuzi. El Paso ya Marty Robbins, 1959, inapita dakika nne, na ilishika namba moja kwenye chati za kantri na za pop.

Eti huku kwetu kantri imekuja juzi na redio za FM. Hapa nacheka. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alirekodi Wakipsigis wa Kenya wakimwimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani (si yule Roy), waliyemsikia kwenye santuri wakamfanya nusu mtu nusu swala. Na huyo Jimmie naye hakuwa kauboi, alikuwa mtu wa reli, Mississippi.

Yule wa kofia anarudi Jumamosi. Nimemwambia gita aliache nyumbani.